Karatasi Isiyo na Jina

Miaka ishirini na sita Drahoš Kalivoda alifanya kazi katika kiwanda cha sufuria mjini kwao, jimbo la Moravia nchini Cheki, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumchongea mtu. Enzi za Wakomunisti, aliyeandikwa jina leo, kesho hakuonekana kazini. Kwa hiyo mwaka 1993, Wamarekani waliponunua kiwanda na bosi mpya, Randall, akatundika sanduku la bati mlangoni, Drahoš, mkuu wa zamu, alilitazama kama mtego.

"Kila hitilafu iandikwe," Randall alisema kupitia binti mkalimani, akitabasamu. "Na mwandishi aweke jina lake. Karatasi isiyo na jina siisomi."

"Huyu anachekelea nini muda wote?" fundi Slávek alinong'ona. "Au meno yanamuuma?"

Breki ya mashine namba mbili, ile ya kukandamiza bati, ilikuwa inateleza. Slávek aliifunga kwa waya, kama alivyofunga kila kitu zamani vipuri viliposubiriwa mwaka mzima. Sasa vipuri vilipatikana kwa kuagiza tu, lakini kuagiza kulikuwa kukiri kwamba breki ilifungwa kwa waya. Jumatano Drahoš aliona kichwa cha mashine kikishuka chenyewe kiasi cha kidole kimoja, kisha kikasimama.

"Slávek, waya ule hautashika."

"Utashika mpaka nistaafu, mzee mwenzangu. Au unataka kwenda kwa Mmarekani wako? Nenda. Nitajua tu ni nani."

Drahoš aliandika habari ya breki, akakaa na kalamu mkononi muda mrefu, kisha akaitumbukiza karatasi sandukuni bila jina. Kesho yake, kupitia kioo cha ofisi, alimwona Randall akiigeuza huku na huku akitafuta jina, halafu akaitupa. Mmoja aliogopa, mwingine alijivunia kanuni yake, breki haikujali.

Ijumaa saa nane mchana watu walimiminika nje, kila mmoja akikimbilia kibanda chake cha mashambani kwa mapumziko ya mwisho wa juma. Randall aliwaita wavivu. Wao walimwita punda. Mjane Božka peke yake alikubali kubaki amalizie kazi kwenye namba mbili.

"Dada Božka, usipitishe mkono chini ya kichwa cha mashine," Drahoš alimwambia. "Tumia koleo."

"Kwa koleo nitamaliza Krismasi, kaka. Nenda kamwagilie nyanya zako. Kwani kuna nini?"

Slávek alikuwa hatua tatu nyuma yao, akifunga viatu polepole.

"Hakuna kitu," Drahoš alisema.

Jumatatu walikuta mashine imeoshwa damu. Mkono wa kulia wa Božka ulikuwa umekatwa hospitalini Jumamosi. Slávek, aliyeitwa kuikagua mashine, alikuwa amekwisha kufunga waya mpya mahali pasipoonekana na kusema kosa ni la mama yule.

Randall aliwapanga wote. Hakutabasamu.

"Nani alijua lolote?"

Drahoš alifungua mdomo, akasubiri mwingine aanze. Watu thelathini walisubiriana hivyo hivyo, macho sakafuni, hadi king'ora kikalia.

"Basi, kazini," Randall alisema.

Mama mmoja, Jarmila, alikaa kwenye kiti cha Božka. Akakunja mikono ya gauni lake, akachukua bati la kwanza, akapitisha mkono chini. Drahoš alisimama pale pale, akihesabu kila mara mkono ule ulipoingia na kutoka.