Pedi ya Mkono Mmoja

Tangu bidhaa za nje zimwagike mjini, vijana wa Kijenge wameacha bao, wamegandia televisheni. Siwasamehe, lakini humtazama mama mmoja anayetengeneza pedi zao za gemu kwenye kibanda wanachochezea. Kila pedi huibonyeza akiwa amefumba macho, ndipo achukue bisibisi. Jana ilikuwa zamu ya Twahir, aliyekatwa mkono wa kulia na msumeno wa mbao. Mama alikuwa amemhamishia vitufe vya kulia hadi chini ya pedi, mahali vidole vya kushoto vinapofika.

“Twahir, leo unakula tano!” wenzake walimtania mechi ya mpira ilipoanza kwenye skrini.

Akafunga yeye. Kibanda kizima kikapiga kelele. Mama hakushangilia, alinyoosha mkono tu.

“Lete hapa, mwanangu. Kitufe cha pasi bado unakitafuta.”