Mama Mkwe Ameshuka, Pikipiki Bado Imekataa

Leo nimemwambia mama mkwe ashuke kwa pikipiki.

Sikusema ni mzito. Nilisema, "Mama, hii mlima ni mkali, na mzigo umezidi kidogo."

Mzigo wenyewe ulikuwa yeye na paketi ya sukari.

Tulitoka Kitengela asubuhi, tukienda kwa dada yake huko juu Ngong Hills. Kwa tambarare tulikuwa sawa kabisa. Kuanza kupanda, pikipiki ikaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi.

Basi akashuka, akafunga leso vizuri, akaanza kutembea.

Nikawasha nikijua sasa itapanda kama mbuzi.

Haikupanda.

Niko peke yangu na bado inakohoa. Na yeye amesimama kwa kona, ananiangalia.

Wenye pikipiki mtanicheka. Kulikuwa na baridi, kwa hivyo nilikuwa nimevuta choki, ile ya kupunguza hewa injini ikiwa baridi. Kumbe huko juu hewa ni nyepesi, kabureta tayari inapitisha petroli nyingi kuliko inavyotakiwa, halafu mimi nikaongeza. Nikarudisha choki, ikaanza kupanda polepole.

Nikamfikia. "Mama, panda sasa."

"Wacha tu, Baba Shiro. Nitafika."

Akafika kwa miguu, mimi nikimfuata nyuma na gia ya kwanza.

Mezani dada yake akataka kumwongezea chapati. Mama akafunika sahani na mkono.

"Imetosha. Pikipiki ya Baba Shiro ni ndogo."

Tunarudi saa kumi. Kuna mtu ako na gari huku Ngong?