Viatu Nilivyovichoma Siku ya Fainali

Mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu husema hata akinimiminia chai nainusa kwanza, na hasemi uongo. Nyumbani tabia hiyo imeniletea ugomvi mwingi, lakini wakati wa playoff ndiyo iliyonipa heshima katika timu yetu ya basketi.

Nilikuwa mkandaji wa timu. Wachezaji waliniita papa kiné, yaani mtaalamu wa viungo, ingawa shule ya kazi hiyo sikuikanyaga. Nilijifunza kukanda misuli kwenye zahanati ya mgodi kule Kambove, kisha nikahamia Lubumbashi na mikono yangu miwili. Mwaka huo tulifika fainali dhidi ya jirani zetu wa hapa hapa mjini. Mechi zilikuwa tatu, anayeshinda mbili anabeba kombe. Wao walichukua ya kwanza, sisi ya pili. Ikabaki ile ya mwisho, ambayo huku kwetu kila mtu huiita belle, na wiki nzima hapakuwa na mazungumzo mengine, si sokoni wala kanisani.

Kabla ya belle klabu ilitufungia siku tatu katika nyumba ya masista, upande wa Kasapa. Simu zote ziliwekwa kwenye beseni zikapelekwa chumbani kwa kocha. Chupa za maji nilizifungua mwenyewe, moja moja. Mgeni hapewi mkono. Na viatu vya wale watano wanaoanza mchezo vilikuwa vinakaa chini ya kitanda changu, ndani ya gunia nililolifunga fundo ninalolijua mimi tu. Anayetaka kucheka na acheke. Huku kwetu sijaona mchezaji anayefanyia mzaha mambo ya viatu. Kila mmoja ana kisa cha mwenzake aliyetiliwa kitu kiatuni, akaingia uwanjani akasahau hata anashambulia upande gani. Visa hivyo niliviamini nusu, na nusu hiyo ilinitosha.

Aliyenitia wasiwasi alikuwa meneur wetu, yule anayeshika mpira na kuwapangia wenzake mchezo. Alikuwa na miaka ishirini na minane, na watu wawili wa klabu moja ya nje walikuwa wanakuja kwenye belle kumtazama yeye. Aliniambia kwa mdomo wake: wakimpenda, anaondoka na mkataba wa kweli, wasipompenda, umri umeshamtupa mkono. Nilimpenda kijana yule. Nilikuwa nimemkanda misimu sita, na kila kovu la miguu yake nilikuwa nalijua.

Sasa tangu mechi ya pili hakutaka nimguse. Wenzake walipanga foleni mlangoni kwangu na taulo mabegani, yeye akawa anapita tu kama hanioni.

"Leo tena unapita?" nilimwuliza.

"Niko bien, papa. Ukande benzangu."

"Hata mugongo?"

"Hata mugongo. Minataka kupumuzika tu."

Mchezaji anayekataa kukandwa kabla ya belle ana neno moyoni. Nilimfuata kwa macho siku nzima. Nikaona anashuka ngazi polepole, mkono ukutani. Nikaona hata anapokaa kitandani havui soksi. Mtu mwenye akili zake angesema, huyu anaumwa. Mimi nilisema, huyu ameshanunuliwa, na sasa anajitengenezea sababu mapema. Mkewe alikuwa dada wa pivot wa wapinzani wetu, yule jitu anayesimama chini ya kikapu chao. Tumbo moja, mama mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaza, na nikajiona mwerevu kweli kweli.

Ijumaa akaomba viatu vyake vipelekwe nyumbani vikasafishwe. Kocha akakubali bila hata kuniuliza. Nilinuna mpaka chakula cha jioni, na sikumficha mtu kwamba nimenuna.

Jumapili asubuhi, siku yenyewe ya belle, mkewe alifika getini. Baridi ya Julai ilikuwa kali, amejifunga kitenge mabegani, mkono mmoja mfuko wa viatu, mwingine sufuria ya bukari, ugali wetu, na samaki wakavu wa Pweto. Nilitoka mimi kumpokea.

"Papa, mumuambie avale bile bile, asibadirishe," alisema. "Na mumuambie nilisha kutia."

"Ulitia nini?"

Akatazama chini. "Yeye anajua."

Basi, mtu akikuambia hivyo asubuhi ya belle, utafanyaje? Sufuria nilimpa mlinzi wa geti, nikasimama kando nikimtazama anavyokula. Alimaliza, akalamba vidole, akanishukuru. Nilipoona haanguki nikajiambia kuwa sumu hiyo imetengenezwa kwa wachezaji, haina kazi na walinzi. Ndivyo nilivyokuwa, siwezi kujipamba.

Chumbani nilifunga mlango nikainua soli ya ndani ya kiatu cha kulia. Hamna kitu. Nikainua ya kushoto. Pale kisigino kinapokaa palikuwa na kipande cha kitu, unene wa kidole, kimefungwa kitambaa cheusi na kushonwa pande zote kwa mishono midogo ya mtu asiye na haraka. Sikuthubutu kukipasua, tangu utoto tumeambiwa vitu hivyo havifunguliwi. Nilikwenda nyuma ya jiko, mahali masista wanapochomea takataka, nikamwaga mafuta ya taa, nikavichoma viatu vyote viwili na kile kipande ndani yake. Nilikaa hapo hadi pakabaki majivu. Kisha nikaenda kwa kocha.

"Nilikuta kintu mu kiatu ya meneur," nilimwambia. "Bibi yake njo alileta. Nilisha kuchoma."

Kocha alifanya ishara ya msalaba. "Ulifanya muzuri," akasema, na akanipa jozi mpya iliyokuwa bado kwenye boksi lake.

Meneur nilimdanganya. Nilitaka, kama alikuwa kwenye njama, aone imeharibika bila kujua nani kaiharibu. Nilimwambia mkewe hakufika.

"Hakukuya?" Alikaa kitandani. "Bibi yangu hakukuya hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Minaweza kumupigia simu?"

"Simu ziko kwa coach, unajua."

Alichukua kile kiatu kipya cha kushoto, akaingiza mkono, akabonyeza pale nyuma kwa kidole gumba. "Iko chini sana huku nyuma," alisema taratibu.

"Iko mupya tu. Utazoea."

Alinitazama kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akainama akaanza kufunga kamba. Mimi nilifurahi. Niliona mtu aliyenyang'anywa dawa yake.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya ukuta. Wale wawili wa klabu ya nje walikaa karibu na meza ya waamuzi, madaftari magotini. Nilikaa benchi na ndoo yangu ya barafu, na kwa kweli sikuutazama mchezo, nilimtazama yeye. Kila mpira aliopoteza niliuweka moyoni. Lakini hakupoteza mingi. Alicheza vizuri mno, alitoa pasi ambazo wenzake wenyewe walishangaa zimefika vipi, na hata hilo nikalitilia shaka: kwamba anajionyesha kwa wale wageni kwanza, atatuuza baadaye. Hata hivyo kila mchezo uliposimama alijishika magoti na kuupumzisha mguu wa kushoto. Niliona. Niliona na sikuelewa.

Robo ya tatu, tuko sare. Alipokea mpira pembeni, akakanyaga ili atoke kwa kasi, na tukasikia mlio wa kijiti kikavu kinachovunjika. Hakuwa na mtu karibu. Alianguka, akageuka nyuma kwa hasira.

"Nani ananipiga teke?" aliuliza.

Uwanja mzima ulikuwa umeona kwamba hakuna aliyempiga. Minong'ono ilianza hapo hapo kwenye ukuta, ikashuka mpaka benchi letu: kapigwa teke na asiyeonekana. Kocha alinigeukia akatikisa kichwa, kama kuniambia tulichelewa.

Nilikimbia uwanjani, nikamvua kiatu na soksi. Nilibana shavu la mguu, unyayo haukucheza. Nilipitisha kidole juu ya kisigino, pale kano lilipotakiwa kuwa palikuwa na shimo. Na pembeni ya shimo nikakuta uvimbe mgumu, wa zamani, wa wiki mbili au tatu. Hapo kila kitu kilinijia kwa pamoja: ngazi, soksi, kile kipande kilichoshonwa. Mgonjwa wa kano hilo hunyanyuliwa kisigino ili lisivutike. Kule Kambove nilikuwa nimewawekea wachimbaji vipande kama hivyo kwa mikono hii hii. Tulishindwa mechi ile, lakini sikumbuki kwa pointi ngapi. Wale wawili wa klabu ya nje waliondoka na madaftari yao kabla ya filimbi ya mwisho.

Kesho yake nilikwenda hospitali. Habari ilikuwa imenitangulia, maana kocha hakuweza kuifungia kinywani. Shangazi zake meneur walikuwa kwenye ukumbi, na walikuwa wameshaamua kwamba mwanamke aliyemtilia mume wake dawa kiatuni arudi kwao Likasi. Niliwapita bila kuwaamkia. Ndani meneur alikuwa amelala, mguu kwenye plasta, mkewe kwenye kiti. Mke ndiye aliyesema kwanza.

"Papa, ulimuambia sikukuya. Sasa nani nilimupa bilato byake?"

Viatu alikuwa amenikabidhi mimi, sikuwa na pa kujificha. "Ni miye ulinipa. Nilibichoma."

Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. Alieleza akitazama mikono yake. Muuguzi mmoja wa mtaa wao alikuwa amewaambia kano limechoka, anyanyuliwe kisigino, acheze mechi hiyo moja kisha apumzike miezi. Basi mke akakata ndala yake ya zamani, akaifunika kitambaa isimchubue, akashona. Walikubaliana wasimwambie mtu yeyote.

Nilitoka nje nikawasimulia shangazi yote, kwa mdomo wangu, wauguzi wakisikia. Mmoja aliniuliza kama nimelipwa na wapinzani ili niseme hivyo. Nilimjibu kwa adabu kadiri nilivyoweza, nikarudi ndani. Aibu ilikuwa inanichoma, na aibu ikinichoma huwa nakuwa mkali, hata pasipofaa.

"Juu ya nini haukuniambia?" nilimwuliza meneur. "Misimu sita minakukanda. Miye ni muntu wa kunificha?"

"Ungeambia coach," alisema. "Coach angeniweka benchi, na bale bantu wa inje bangerudia bila kuniona."

Ningemwambia kocha siku ile ile, kabla hajarudisha soksi mguuni, na wote watatu mle chumbani tulilijua hilo.