Kisanduku cha Tatu

Wakati wa vita, pale Bukavu, nilikuwa muuguzi wa meno, na daktari wangu alitaka kujua ni dawa gani ya kuziba meno inadumu zaidi. Basi mama mmoja, muuza maharage wa Kavumu, tulimziba jino la kushoto kwa madini ya rangi ya fedha na la kulia kwa sementi nyeupe. Tukamwambia arudi baada ya mwaka mmoja.

Siku yenyewe alikuja binti yake, ameshika kwa mikono miwili kikaratasi cha rendez-vous, kile tulichomwandikia mama yake tarehe ya kurudi.

"Maman walimuua mu barabara," aliniambia. "Lakini meno ilikuwa muzuri. Asubuhi ile alikula mahindi ya kuchoma, na pande yote mbili."

Nilitaka kuandika kwamba dawa zote mbili zimeshika. Daktari akakataa: tunaandika tulichokiona kwa macho. Hakukosea, na nilimchukia kwa hilo. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu tu: imeshika, imetoka, mgonjwa hakurudi.

Nilitia alama kwenye cha tatu, kana kwamba yule mama alikuwa mzembe. Binti yake alikuwa bado amekaa mbele yangu. Akaniuliza rendez-vous ingine ni lini.