Nafuu Aliyoificha Hersilia Quemba

Hersilia Quemba alianza kuchimba viazi akiwa na miaka tisa, na mgongo wake ndio uliolipia kila gunia. Madaktari walimpasua huko mjini Tunja, akapata raha ya miezi miwili, kisha moto ukawaka tena kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu wa kushoto. Miaka sita sasa. Alilala ameketi, alipika ameegemea ukuta. Mtu akiniambia maumivu humfundisha binadamu subira, namwambia akae nayo yeye.

Ndipo daktari Rincón alipomweleza habari za umeme. Nyaya mbili nyembamba huingizwa mgongoni, karibu na uti, na kikasha chenye betri hutuma umeme mdogo unaoyazuia maumivu yasifike kichwani. Lakini kwanza majaribio ya siku saba, kikasha kikiwa kimefungwa kiunoni.

"Maumivu yakipungua kwa nusu, mama, tunakuwekea kikasha cha kudumu chini ya ngozi," alisema. "Yasipopungua, tunazichomoa nyaya, na bima hailipi."

Kila asubuhi muuguzi Yolima angempigia simu kumuuliza namba: sifuri ni hakuna kitu, kumi ni maumivu yasiyovumilika.

Asubuhi ya pili ya majaribio Hersilia aliamka amelala chali. Mumewe, Belarmino, alidhani amekufa, akamgusa shavu.

"Unaumwa?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu, mke wangu."

"Nimekwambia nyamaza, Belarmino. Usiyaite."

Ndivyo tulivyo sisi watu wa milimani. Ng'ombe akinenepa tunasema anakonda. Viazi vikistawi tunasema baridi imevimaliza. Ukiulizwa hali unajibu "tunajikokota tu", maana heri ikitajwa kabla haijaingia ghalani, husikia jina lake ikaondoka. Na Hersilia alikuwa na ushahidi wake: baada ya ule upasuaji alijitapa sokoni kwamba kapona, na wiki haikuisha moto ukarudi.

Simu ikalia. "Umeamkaje, mama Hersilia? Namba yako leo?"

Kwake yeye hiyo ilikuwa salamu, akaijibu kama salamu. "Tunajikokota, binti yangu. Andika nane."

Siku ya tatu alipiga magoti kwenye tuta akafukua viazi vya chakula cha mchana kwa mikono yake, akalia kwa furaha, akijifuta machozi kwa pindo la ruana yake, lile joho la sufu. Nane, akamwambia Yolima. Siku ya tano alikanda na kuchoma arepa, mikate ya mahindi, asubuhi nzima akiwa wima. Saba na nusu, binti yangu, labda. Belarmino akaingiwa na wasiwasi.

"Kwa nini humwambii yule msichana ukweli?"

"Mashine si hii hapa mgongoni mwangu? Inajionea yenyewe. Daktari atasoma humo."

"Na kama haisomi?"

"Wewe umesomea udaktari lini? Nenda kalishe nguruwe."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, hilo tunalijua sote. Mficha nafuu naye ana wa kumuumbua, ila hatukuwahi kumtungia methali.

Siku ya saba daktari Rincón alikuwa na karatasi mkononi. Nane, nane, nane, nane, saba na nusu, nane.

"Pole sana, mama. Mwili wako haukukubali." Akaanza kubandua plasta.

Hersilia akajikuta ameushika mkono wa daktari. "Subiri. Nimepona."

"Mama..."

"Nimepiga magoti. Muulize mume wangu. Zile namba nilikuwa nasema tu."

Daktari akaiacha plasta. Alimwamini, ilionekana usoni, na hilo ndilo lililomtisha Hersilia kuliko karatasi.

"Bima walipokea namba jana," daktari akasema. "Wamekataa. Na nyaya hizi haziwezi kuendelea kukaa, zitakuletea usaha kwenye uti. Nitawaandikia bima rufaa. Inaweza kuchukua mwaka, au miwili."

"Si ungeniuliza, daktari."

"Tulikuuliza, mama. Kila siku."

Zilichomoka kirahisi, hata hakuzisikia. Belarmino alikuwa ameukodolea macho ukuta. Maumivu yalimkuta Hersilia njiani, kabla hawajafika nyumbani, yakaanzia kwenye kidole gumba, yakapanda taratibu hadi kiunoni. Alishuka garini akishikwa kwapani.

Jirani yao Custodia alikuwa langoni na ndoo ya maziwa. "Umerudije, jirani?"

Belarmino akafungua kinywa amjibie mkewe. Hersilia akamzuia kwa kiwiko.

"Nilipona, Custodia," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya bonde. "Siku saba nzima nilipona. Nililala chali. Nilifukua viazi nimepiga magoti, sikusikia chochote."

Custodia akafanya ishara ya msalaba. "Shii, jirani. Mambo kama hayo hayatajwi."

"Acha nitaje," Hersilia akasema, akishikilia mwimo wa lango asianguke. "Imeshaondoka."