Wimbo wa Byamungu Haukuwa Wangu

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nikiwa katikati ya sala, mwanangu. Ilikuwa Jumapili mchana, kule Makobola, nyumbani kwa Mama Feza, watu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Mama yule alisimama kumwimbia mwanawe aliyepotea ziwani, na watu wakacheka. Kosa lilikuwa langu. Lakini nianze mbali kidogo, maana maji hufuata mkondo, na habari hii nayo ina mkondo wake.

Byamungu alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Feza, ambaye Feza ni jina lake mwenyewe, na rafiki yangu wa kwanza. Tulijifunza gitaa pamoja, gitaa moja watu wawili, uzi ukikatika tunatafuta waya wa breki ya baiskeli. Mimi nilihamia Nyamianda, mjini Uvira, kutafuta maisha. Yeye akabaki kuvua ndagala, wale dagaa wa ziwani, na wajomba zake. Asubuhi moja mawimbi yaliurudisha mtumbwi wao ukiwa mtupu. Wajomba waliokolewa na wavuvi wengine. Byamungu hakuonekana siku ile, wala hajaonekana hata leo.

Mtu akifa kwetu, tunajua pa kwenda kung'oa majani na kusimamisha msalaba. Mama Feza hakuwa na mahali hapo. Basi alitunga wimbo. Aliutunga huku akianika ndagala mchangani, neno baada ya neno, kwa miezi mingi. Katika kiitikio alimwita mwanawe mara tatu, akamwambia kwamba chakula chake kingali chunguni, kisha akanyamaza kama anayesubiri jibu. Wimbo ule ndio uliokuwa kaburi la mtoto. Aliuimba mara moja kwa mwaka, siku ya ukumbusho, na hakuna aliyethubutu kukohoa kwenye kile kimya.

Mimi niliusikia mwaka wa kwanza, nikalia. Nililia kweli, sikudanganyi. Kisha nikarudi Nyamianda nao kichwani.

Wakati ule nilikuwa napiga gitaa na kuimba katika baa moja, kila Jumapili baada ya ibada. Desturi ya muziki wetu unaijua: mteja anampenyezea mwimbaji noti, naye anamtaja jina ndani ya wimbo. Tunaiita libanga, na sisemi kwamba ni dhambi, kama wimbo ni wako. Siku moja niliona wateja wamezichoka nyimbo zetu. Nikajaribu ule wa Mama Feza, nikauongezea mwendo, mwenzangu akauwekea ngoma. Watu wakainuka kwenye viti. Muuza mbao mmoja, tuliyemwita Patron Musafiri, yaani bosi Musafiri, akaja hadi mbele na noti mkononi.

"Weye kijana!" akasema. "Huyu Byamungu ni nani? Ananunuaka bia hapa? Weka jina yangu pale!"

Watu wakacheka, nami nikaweka. Pale mama alipomwita mwanawe mara tatu, nikamwita Musafiri mara tatu, na pale penye kimya, baa nzima ikajibu, "Patron!" Tangu siku ile wimbo uliombwa kila Jumapili. Wenye pikipiki waliupiga mluzi barabarani. Mimi nilijiona nimefika.

Halafu akaja mjumbe wa shirika la haki za watunzi. Alipita baa kwa baa akieleza kwa upole kwamba sheria inamtambua aliyetunga wimbo, na kwamba mwenye baa anayevuta wateja kwa wimbo huo lazima alipe haki ya mtunzi. Alikuwa na karatasi: upande mmoja jina la wimbo, upande wa pili jina la aliyeutunga. Alipofika kwenye ule, aliniinulia macho.

"Na hii iko ya nani?"

Mwanangu, ulimi hauna mfupa. Mtume Petro alimkana Bwana wake akiwa na hofu ya kufa. Mimi sikutishwa na mtu. Nilikuwa nimekaa kivulini, nimeshiba, na nikamkana mama wa rafiki yangu. Nikasema, "Yangu." Akaandika, nikaweka saini.

Ukafika mwaka wa tatu wa ukumbusho. Nilikwenda Makobola kama kawaida, nimevaa shati safi, kwa kuwa sikudhani wimbo una miguu. Lakini toka Uvira hadi pale ni barabara moja, na vijana huenda na kurudi kila siku. Mama Feza akasimama, akafumba macho, akaimba. Akamwita mwanawe mara tatu. Alipofika kwenye kimya, kijana mmoja nyuma akaitikia, "Patron!" na wenzake wawili watatu wakapiga makofi. Hawakuwa na ubaya. Midomo ilikuwa imezoea. Watu wakacheka, kama watu wanavyocheka mtu akijikwaa.

Mama akafumbua macho. "Patron ni nani?"

Mama mmoja jirani yake akasema kwa sauti ya chini, "Mama Feza, weye haujue? Hii wimbo iko ya huyu wa gitaa. Banaipigaka ku baa, kule Nyamianda." Akaninyooshea kidole.

Mama aliniangalia. Hakumaliza wimbo. Aliingia jikoni, nami nikamfuata, nikamkuta anafunika chungu. Nilimweleza yote, hata saini. Nikasema nitakwenda kusahihisha karatasi, na kila kitu kitakuwa chake.

"Karatasi utatengeneza, ni vizuri," akasema. "Lakini minye sikukukatalia kuimba. Ungeniomba, ningekupa. Hata ku baa ungeimba, bora umuite mutoto wangu jina yake." Kisha akaniuliza, "Na vinywa ya batu, weye utavitengeneza na nini?"



Nilikwenda kwa yule mjumbe, nikakiri. Hakunifokea. Alitaka mama mwenyewe aje kuweka saini, naye alikuja, akaandika jina lake polepole, herufi baada ya herufi. Tangu hapo haki ya wimbo ilimfikia mwenyewe. Kwa sheria, jambo liliisha. Lakini Mama Feza hakuuimba tena. Kila mwaka jamaa walikusanyika, wakasoma Maandiko, yeye akakaa na mikono mapajani. Kaburi lile moja alilokuwa nalo, mimi nilikuwa nimeligeuza uwanja wa kuchezea.

Niliacha baa, nikarudi kanisani. Namshukuru Mungu kwa subira yake, kwa sababu alinipokea na kunipa kazi hii ya kuwafundisha ninyi kwaya. Miaka ikapita. Mama Feza alipofariki, jamaa waliniomba mimi, kati ya watu wote, niuimbe wimbo wake pale kaburini. Niliona ni neema: kumbe nitalirudisha jina mahali pake. Nilifunga, nikaomba. Nikasimama mbele ya jeneza, nikaimba ubeti wa kwanza vizuri. Nikafika kwenye kiitikio, nikafungua kinywa, na kinywa changu kikaita, "Musafiri."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipolielewa swali lake la jikoni. Nilianza tena kiitikio, nikamwita Byamungu mara tatu, nikaacha kimya kama alivyokuwa akikiacha yeye. Ziwa lilisikika chini kule. Lakini neno la kwanza aliloimbiwa mama yule akishushwa ardhini lilikuwa jina la muuza mbao.

Nakuandikia haya, mwanangu, kwa sababu nimesikia kundi lenu limealikwa kupiga katika baa mpya pale Kalundu, na kwamba katika simu yako umeweka wimbo wa binti mmoja wa Lemera uliokugusa moyo. Sikukatazi. Ila kabla ya kugusa uzi, panda Lemera kule milimani, umtafute yule binti, umwombe. Mkiulizwa na watu wa haki za watunzi, andika jina lake, hata kama hayupo wa kukusuta. Akikataa, shukuru, ushuke zako mikono mitupu. Na akikubali, imba majina aliyoyaweka, usiyaondoe kwa noti ya mtu yeyote, kwa maana hujui ni nani amelala ndani yake. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Deni la karatasi nililirudisha. Lile lingine nitakwenda nalo mbele za Mungu, nikimtumaini yeye peke yake.

Mungu anayewajua kwa majina wote waliolala ziwani bila msalaba, akubariki wewe na vidole vyako. Akupe wimbo wa kwako mwenyewe. Na siku utakapotakiwa kumwita mtu aliyekuamini, kinywa chako kisikosee. Amina.