Masikio Mapya ya Émilienne

Katika soko la mji wa Baraka, kila mtu aliyekuwa na jambo linalomchoma moyo, na hataki lijulikane, alikwenda kulisema mezani kwa Émilienne. Émilienne alikuwa akiuza ndagala, na alikuwa hasikii. Unakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, unamwaga yote, yeye anaitikia kwa kichwa huku akipepeta samaki wake, kisha unainuka umekuwa mwepesi. Hata mchungaji hakuwa na wageni wengi kama wale.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa mama kijana alishikwa na kifua kikuu, akadungwa sindano miezi na miezi. Kifua kilipona. Lakini kidogo kidogo sauti zikaanza kumhama: kwanza ndege, halafu watoto, mwisho hata wanaume wenye sauti nzito. Munganga wa hospitali alimweleza kwamba dawa ile ndivyo ilivyo, inaokoa upande mmoja na kudai upande mwingine. Siku hizi wagonjwa kama yeye wanapewa vidonge badala ya zile sindano. Yeye vidonge vilimkuta masikio yamekwisha kufungwa.

Ndiyo maana redio ilipotangaza kwamba timu ya masikio imefika kwenye kituo cha afya, hakufurahi hata kidogo. Mume wake, Isidore, fundi wa injini za mitumbwi, ndiye aliyeleta habari. Akasimama mbele yake na kupaza sauti kama kawaida yake.

"Mama Chérie!" Chérie ni binti yao, ameolewa Uvira. "Bamunganga banapima masikio! Banatoa kamashini ka kusikia!"

"Sindano ziliniponyesha kifua, zikabeba masikio," Émilienne akajibu. "Hako kamashini katabeba nini sasa? Macho?"

"Twende tuangalie tu!"

"Kuangalia tu. Mi sitakaa kwenye kiti chao."

Walipofika, walimkuta mzee mmoja amekaa kwenye kiti hicho. Msichana aliyevaa blouse nyeupe, jina lake Ketsia, alikuwa anamtia nyuma ya sikio kitu kidogo kama punje ya haragi. Mzee akapepesa macho, akasikiliza. Halafu akamgeukia mkwewe aliyemleta na kuanza kumgombeza: kumbe muda wote huu ulikuwa unaninung'unikia! Émilienne aliyasoma maneno hayo kwenye midomo ya mzee, akacheka mpaka akashika mbavu. Mzee alipoinuka, yeye akakaa.

Ketsia alimvisha vifuniko vya masikio na kumwomba ainue kidole kila aliposikia mlio. Kisha akamtia chombo kama kile cha mzee, akakipanga kwa telefone yake, akikigusa hapa na pale kama mtu anayetia chumvi mboga na kuonja.

"Mama, masikio ya zamani hayarudi," alimwambia polepole, uso kwa uso. "Hii inachukua sauti na kuipa nguvu, njo kazi yake. Mchana utaichaji kwa jua na hii plaki ndogo ya sola. Unanisikia?"

Émilienne aliinua mkono ili anyamaze. "Nani analia?"

Hakuna aliyekuwa akilia. Ilikuwa feni ya dirishani.

Njia nzima alisimama kila baada ya hatua chache. Alishtushwa na kandambili zake mwenyewe. Mfuko wa plastiki ulimfanya ageuke nyuma. Pikipiki zilimtia kichwa kuuma, akakitoa chombo, akakirudisha, akacheka. Walipoingia uani Isidore akasahau, akafungua kinywa chake chote:

"UNASIKIA VIZURI?"

"Baba Chérie! Mi niko hapa mbele yako!"

Isidore alishusha sauti. Ilishuka kwa sentensi moja, kisha ikapanda tena yenyewe. Jioni ile Émilienne alielewa kwa nini majirani wao walijua daima unga umekwisha, na nani amemkasirisha nani. Miaka yote hiyo mume wake alikuwa akiutangazia mtaa mzima mambo ya nyumba yao, kwa mapenzi.

Furaha hiyo haikufika naye sokoni.

Pembeni ya meza yake Vainqueur alikuwa na kibanda cha kuchaji telefone. Kwa kuwa alikuwa amefungua telefone nyingi, watu walimhesabu kuwa bingwa wa mambo ya teknolojia. Bamama walipomuuliza kile kitu cha sikioni ni nini, alijikuna kidevu.

"Kila kitu chenye kuchajiwa kiko na kadi," alisema. "Na chenye kadi kinarekodi. Sasa inapeleka wapi? Hapo mi sijui."

Hilo lilitosha. Wanawake walinunua ndagala na kuondoka. Walimsalimia kwa sauti tamu na kwa mbali. Hata Georgette, rafiki yake wa korali, muuza nyanya, alipita akiwa amefumba mdomo kama mtu mwenye maji ndani. Ndoo iliyopinduliwa ikabaki peke yake. Émilienne alisikia soko lote likicheka na kubishana, na hakuna lililomfikia yeye. Mwisho alikivua chombo na kukifunga kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwa.

Isidore aliona. "Wanakimbia kamashini, siyo weye," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kweli.

Kesho yake Émilienne alikivaa tena, akaacha meza, akaenda moja kwa moja kwa Georgette.

"Juu ya nini unanikimbia?"

Georgette alipanga nyanya zilizokwisha kupangwa. "Dada, ni hii apareyi. Zamani tulikuwa tunasema kwako juu we hausikii. Sasa unasikia."

Émilienne aliinama, akamsogelea sikioni. "Ile kanzu ya korali haikuliwa na mbuzi wa mchungaji. We uliiunguza na pasi."

Nyanya moja ilianguka na kujiviringisha mpaka chini ya meza. "Nani alikuambia?"

"Weye! Ulikaa kwenye ndoo yangu, ukalia, ukasema yote. Ukamuhurumia na mbuzi wa kusingiziwa."

"Lakini haukuwa unasikia!"

"Mi nilikuwa naona midomo, Georgette. Na yako iko mikubwa, hata kutoka kwa Vainqueur naisoma. Yako, na ya wengine wote. Miaka yote hii umesikia jambo hata moja limetoka kwangu?"

Georgette alifikiri. Alifikiri sana, mnunuzi akamngojea na kopo mkononi. Halikutoka hata moja. Alianza kucheka taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka wote wawili wakashikana mabega, na Vainqueur akatoa kichwa kibandani kuona kulikoni. Kanzu ile, Georgette mwenyewe ndiye aliyetusimulia sisi wa sokoni baadaye. La sivyo tungeendelea kumlaumu mnyama wa watu.

Bamama walirudi mmoja mmoja. Wengine walimwomba kwanza avue kile chombo, naye akavua kwa heshima, akaendelea kuwatazama midomoni. Walijua kwamba anawatazama. Wakazisema siri zao hivyo hivyo.

Ketsia aliporudi Baraka kuvipanga upya vyombo alivyotoa, watu walijaa uani kwenye kituo. Vainqueur alifika na swali lake la kadi. Ketsia akamfungulia chombo kimoja mbele ya wote: kipaza sauti kidogo, betri, na kitu chembamba cha kufanyia hesabu za sauti. Hakuna kadi. Vainqueur alikigeuza kila upande, akakiri kwamba alikosea, na kabla ya kuondoka aliomba afundishwe kubadilisha ile betri ikichoka.

Georgette naye alikuwa wa kwanza kwenye mstari, amevaa kitenge chake cha ibada. Aliinua kidole kwa kila mlio, hata ile ambayo Ketsia mwenyewe alidhani ni midogo mno.

"Mama, masikio yako ni mazima kabisa," Ketsia alimwambia. "Hauhitaji kitu."

Georgette hakuinuka kitini, macho yake kwenye vyombo vilivyobaki mezani. "Pima tena," alisema. "Labda hili la kushoto."